Begonia za Gramu Dirishani kwa Dada

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, hajawahi kusema uongo hata siku moja, na kama mnadhani hiyo ni sifa basi hamjawahi kula naye meza moja. Ukimpikia wali ukashikana, atakwambia umeshikana. Ukivaa gauni likakubana, atakwambia limekubana, na atakuonyesha ni wapi. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mizani. Alipita sokoni na buchani na begi lake la mawe ya mizani, anapima mizani za watu, iliyo sawa anaigongea mhuri, inayoiba anaifungia. Wafanyabiashara wakambandika jina la Gramu. Wao walidhani wanamtukana, yeye akalipokea kama nishani, na mpaka leo ukimwita Gramu anaitika kabla hujafunga mdomo.

Dada ni fundi cherehani. Simsifu kwa kuwa ni damu yangu. Mimi ni msusi, kazi yangu ni vichwa vya watu na maneno ya watu, na kichwani kwa watu nimesikia mafundi wote wa mtaa huu wakichambuliwa, ila yeye sijasikia. Anashona makoti ya wanaume na magauni ya harusi, na matundu ya vifungo anayashona kwa mkono, uzi kwa uzi. Kazi hiyo inataka macho, na macho yanataka mwanga. Ndiyo maana cherehani yake ilikaa dirishani chumba cha mbele, dirisha linalotazama ukuta mweupe wa jirani. Jua lenyewe haliingii pale, lakini ule ukuta unalipokea na kulirudisha likiwa limepoa, tangu asubuhi mpaka jioni, halikuchomi na halikunyimi. Dada alilipata dirisha hilo akiwa mke mgeni, baada ya kujaribu kila pembe ya nyumba, na akakaa hapo miaka ishirini na minne. Nyuma yake ilikuwepo meza ya pasi. Kila mshono akiumaliza, anautandazia kitambaa kibichi na kuupiga pasi mpaka mvuke unapanda darini. Ukiingia mle na nywele ulizonyoosha asubuhi, unatoka nazo zimejikunja. Mimi nilikuwa namwambia, dada, unaniharibia kazi.

Haya. Gramu akastaafu. Siku ya kumuaga ofisini walimvika kilemba cha ukoka, hotuba juu ya hotuba, oo mwadilifu, oo mfano wa kuigwa, watu wale wale waliokuwa wakimkimbia kwenye ngazi. Mwisho wakamkabidhi zawadi, chungu cha ua. Begonia. Alipofika nyumbani kitu cha kwanza alikipima: kilo moja na robo. Dada akauliza, "Ndiyo wamekupa hiyo tu?" Gramu akajibu, "Pamoja na udongo."

Sasa jani la begonia, kama hujaliona, limekaa upogo. Upande mmoja mpana, upande wa pili mwembamba, kama mtu aliyekata kitambaa huku anapiga soga. Kwa mtu aliyefungia maduka kwa upungufu wa gramu tano, nilitegemea atalitupa jalalani. Wapi! Alilipenda. Alikuwa akiligeuza huku na huku, anasema, "Shemeji, hebu ona, halina usawa lakini halidondoki." Nilimwangalia nikasema moyoni, huyu amekosa kazi ya kufanya, na asiye na kazi ni mzigo wa wenye kazi.

Ua lilikuja na kikaratasi: mwanga mwingi bali si jua kali, maji kwa kiasi, hewa iwe na unyevu. Kikaratasi hicho kwa Gramu kilikuwa sheria. Kwanza aliliweka dirisha la chumbani linalopokea jua la asubuhi, majani yakaungua mabaka. Akalihamishia nyuma ya mlango wa jikoni, likaanza kurefuka vikonyo kama linachungulia, rangi zote zikafifia. Ndipo akabuni kipimo. Anachukua karatasi nyeupe, anaitandaza, anaweka mkono juu yake. Kivuli kikiwa cheusi chenye ukingo mkali, jua limezidi. Kisipoonekana kabisa, mwanga ni haba. Kikiwa cha kijivu, kimelegea pembeni, hapo hapo. Basi mtu mzima na mvi zake akawa anazunguka nyumba na karatasi, mkono umenyooshwa, kwenye beseni, juu ya friji, chooni. Nyumba nzima kivuli kililegea mahali pamoja tu. Mmeshapajua.

"Mama watoto," akamwambia dada, "naomba niweke chungu changu hapo pembeni ya mkasi wako."

"Weka tu," dada akasema. "Kinapendeza." Dada yangu ana huruma mpaka kwa mbu.

Ua likakubali. Loo, likakubali kweli, sisemi uongo! Majani yakawa mapana kama sahani, zambarau katikati, fedha pembezoni, vinywele vyekundu kwenye vikonyo. Gramu akavimba kichwa. Kila asubuhi anakiweka chungu kwenye mizani, kikipungua uzito kiasi fulani ndipo anamwagilia, kisipopungua hamwagilii. Kwa hilo nampa haki yake, maji hakuwahi kukosea. Kisha akajifunza kuzalisha. Anakata jani, anachanja mishipa yake kwa wembe upande wa chini, analilaza juu ya mchanga mbichi, analibana kwa pini, na zile pini alikuwa anazichukua wapi kama si kwenye kopo la dada? Baada ya wiki kadhaa kwenye kila chanjo kinachomoza kimche. Jani moja linazaa watoto watano. Bandu bandu huisha gogo. Vyungu viwili, vyungu sita, vyungu kumi na tisa. Mkasi wa dada ukahamia kwenye kiti, kopo la vifungo likahamia sakafuni, na dada akawa anashona akiwa amekunja viwiko ili asiguse jani la mtu.

"Siri ni kipimo, shemeji," Gramu akaniambia siku moja, amesimama katikati ya vyungu, mikono nyuma. "Watu wanasema ua linataka mkono mzuri. Hakuna cha mkono. Ni mwanga sahihi na maji sahihi."

"Na mke sahihi," nikasema.

Akafikiri. "Hilo halimo kwenye kikaratasi."

Ikaja habari ya maonyesho ya maua kwenye bustani ya mji. Gramu akajiandikisha meza nzima. Miezi miwili kabla akatembea chumba kile na karatasi yake, akapima, akatoa hukumu: cherehani na yule anayeiendesha vinakula theluthi ya mwanga. Akamwambia dada ahamie koridoni. Kwa muda tu. Koridoni kuna balbu.

Dada akauliza, "Muda gani?"

"Mpaka maonyesho yaishe."

"Na yakiisha?"

"Nitaangalia."

Mimi nilikuwepo, nikaruka kama niliyekanyaga kaa la moto. "Shemeji, una akili timamu? Huyu anakula kwa macho yake! Ua lile lina deni gani kwako?"

"Halina deni," akajibu taratibu. "Lakini yeye anaweza kuwasha taa. Ua haliwezi."

Jamani, mtu wa namna hiyo unamjibu nini? Na dada, badala ya kumwambia thubutu, akashika upande mmoja wa cherehani na kunikonyeza nishike wa pili. Tukaisukuma koridoni; meza ya pasi haikuenea, ikabaki chumbani. Nilitukana njia nzima, yeye akasukuma.

Koridoni balbu inaning'inia nyuma ya kichwa. Ukikaa kushona, kivuli chako mwenyewe kinakuangukia mikononi. Dada akaanza kujichoma vidole, mtu ambaye sikuwahi kumwona na jeraha la sindano. Akashona mkono wa koti jeusi kwa uzi wa bluu iliyoiva, asijue mpaka mteja alipolitoa nje juani. Mwenye koti alikuwa bwana harusi, mstaarabu, akacheka tu. Lakini mama yake hakucheka, na kesho yake nilikuwa namsuka binamu yake, nikasikia kwa masikio yangu: "Yule fundi amezeeka." Neno hilo likipita vichwani kwa watu, fundi amekwisha. Hakuna mtu anayepeleka gauni la bintiye kwa fundi aliyezeeka. Dada alijua hivyo kuliko mimi. Alikuwa analifumua lile koti usiku na mchana, anarudia.

Alipomaliza kurudia, akalitandika mezani, akakaa na mikono mapajani. Gramu akapita na kopo lake la maji. Akasimama. Akainama. Akatoa rula mfukoni. Nawaapia, rula! Akaiweka kwenye matundu ya vifungo, moja, jingine, jingine.

"La tatu limepinda," akasema. "Milimita mbili."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo linalotia uchungu. Alisema kama alivyokuwa akimwambia muuza nyama. Dada akaliangalia tundu la tatu, akainua kichwa akamwangalia mumewe, akasema, "Ni kweli." Akakunja koti. Kesho yake asubuhi akaja kwangu, nyumba ya tatu kutoka kwake, akasema tu, "Mdogo wangu, tafuta mkokoteni." Saa tano cherehani ilikuwa sebuleni kwangu chini ya dirisha, meza ya pasi imeegemea ukuta, na viti vyangu vya wateja nimevitoa barazani. Jioni alirudi kwake kulala, kupika alipika, hakuna aliyeweza kusema amekimbia ndoa. Ila mchana ulikuwa wangu. Wiki ile ile matundu yakanyooka, na mimi nikahakikisha kila kichwa kilichoinamishwa mapajani mwangu kinapata habari.

Gramu naye alifurahi. Hakuuliza mbona umehama. Alisema, "Koridoni sasa napata pa kuweka udongo."

Mkamia maji hayanywi. Wiki ya pili pembe za majani zikaanza kukauka, kahawia, zinavunjika ukizigusa. Gramu akapima vyungu: uzito uko sawasawa. Akatandaza karatasi: kivuli kimelegea vile vile. Akaenda kwa jirani, akabisha hodi, akamuuliza kama amebadilisha rangi ya ukuta. Jirani akatoka na kijiko mkononi, wakasimama wawili wakiutazama ukuta. Mweupe, kama jana, kama mwaka juzi. Akarudi akahisi majani ya begonia yana kiu, akaanza kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Ikawa ndiyo kuzimaliza: majani yakaota ukungu mweupe kama yamepakwa unga. Maonyesho yamebaki siku tisa. Shati lake likawa limevaliwa siku tatu, mashavu yameingia ndani, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa napita mbele ya dirisha lile kila siku bila safari.

Akamwita mama wa kitalu, yule anayeuza miche karibu na stendi. Namsuka kila wiki mbili, kwa hiyo haya nimeyapata kutoka kinywani mwake, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Anasema aliingia chumbani, akavuta hewa kwa pua, akaangalia majani, akauliza, "Mzee, kabla ya hapa palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu," Gramu akajibu.

"Hapakuwa na kitu kabisa?"

"Mke wangu tu. Alikuwa anashona."

"Anapiga na pasi?"

"Kutwa."

"Kwa kitambaa kibichi?"

"Ndiyo."

Mama wa kitalu anasema alikaa kwenye kiti kwa kicheko. Akamwambia, "Mzee wangu, hewa ya humu imekauka. Ua hili halitaki kuloweshwa majani, linataka hewa yenye umajimaji, na hewa hiyo alikuwa anaitengeneza mkeo. Mtunza maua ni yeye. Wewe ulikuwa unapima."

Nilicheka nikamvuta nywele mpaka akapiga kelele. Nikasema, afadhali, sasa mzee kaumbuka, atakuja kupiga magoti, na dada yangu atarudi kwenye dirisha lake kama malkia. Hilo tu ndilo nililokuwa nikiliombea: dirisha lirudi kwa mwenyewe. Hata dada, nilipomsimulia, aliacha kukanyaga pedali. Akauliza, "Amesema hivyo? Mtunza maua ni mimi?" Akaenda kujitazama kwenye kioo changu cha wateja, akajifunga upya kitambaa cha kichwa, akarudi kukaa.

Gramu akaja siku ya pili, saa nne. Alivaa shati safi lisilopigwa pasi. Mimi nilikuwa nachambua nywele za kusukia pale pembeni, na sikuinuka kuwapisha, hata mngekuwa nyinyi msingeinuka.

"Mama watoto," akasema akiwa bado mlangoni, "rudi nyumbani."

Sindano ikasimama. "Kwa nini?"

"Begonia zinakufa. Hewa imekauka. Mvuke wa pasi yako ulikuwa unazisaidia, mimi sikujua. Nilikosea."

Sasa kusikia Gramu akisema nilikosea ni jambo la kuwaitia majirani. Dada akalaza kazi mapajani. "Kwa hiyo begonia ndizo zilizokutuma."

"Ndiyo."

"Shemeji!" nikamaka. "Hata uongo kidogo tu? Hata wa kuazima?"

"Ameniuliza," akasema. "Nimdanganye?"

Dada akaniashiria ninyamaze. Akamuuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijui kama nimewahi kuisikia kwake, "Na wewe je? Begonia zimekauka bila mimi. Wewe mwenyewe?"

Gramu akaangalia mikono yake, akaangalia dirisha langu. Alikuwa anatafuta jawabu kwelikweli, jasho lilimtoka, nilimwonea huruma kwa muda wa kupepesa jicho. Mwisho akasema, "Mimi sijajipima."

Dada akatikisa kichwa polepole, akainuka. Akaenda kwenye meza ya pasi, akachomoa waya, akaizungushia kwenye mpini, akaiweka ile pasi mikononi mwa mumewe, na juu yake akaweka kitambaa.

"Kilowe, ukikamue, ukitandaze, upige," akamwambia. "Kikikauka unalowesha tena. Madirisha ufunge. Hazinihitaji mimi, zinahitaji mvuke."

Mnadhani alikataa? Mnadhani aliona haya? Uso ulimng'aa! Akaipakata ile pasi, akauliza, "Kwa siku mara ngapi?"

"Kutwa," dada akajibu.

"Asante, Mama watoto." Na asante yake ilikuwa ya kweli, kama kila kitu chake. Akaondoka mbio, waya unaburuta nyuma.

Nikacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikimwona Gramu, ambaye maishani mwake hajawahi kunyoosha hata leso, anasimama tangu asubuhi mpaka jioni akipigia vyungu kumi na tisa pasi ya kitambaa kitupu. Nikasema, "Dada, umemweza! Umemkomesha! Akichoka, kesho keshokutwa dirisha unalo."

Dada hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, anaviringisha kipande cha uzi kidoleni.

"Dirisha abaki nalo," akasema. "Silitaki tena."

"Usiseme hivyo. Miaka ishirini na minne!"

"Unajua alipostaafu alianza kuja kusimama mlangoni? Pale chumbani kwangu. Kila siku saa nne, akishamaliza chai. Anasimama hasemi kitu, anatazama upande wangu, hata nusu saa. Nikasema moyoni, kumbe mtu akistaafu ndiyo anapata nafasi ya kumwona mkewe." Akavuta uzi ukakatika. "Nikaanza kupaka wanja, mdogo wangu. Umri huu. Nikawa nakaa wima, nimekaza mgongo kama bibi harusi, asije akaniona nimepinda. Nashona na mgongo unaniuma, na nina raha. Miezi mitatu. Mpaka siku moja akaniambia, 'Mama watoto, sogea kidogo, unaizibia begonia mwanga.'"

Mimi nikaziacha zile nywele, nikasogeza kiti karibu naye.

Dada akajipangusa uso kwa kiganja, akavuta koti la mteja, akaligeuza mshono juu.

"Nipe pasi yako," akasema. "Yangu nimeigawa."